Kununua na Kufufua Gari ya Zamani Kama Kazi ya Familia: Jueni Kwanza Gari ni ya Nani

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, baadhi ya familia zimetuuliza kuhusu jambo ambalo siku hizi linapendwa na vijana na wazee pia: kutafuta gari ya zamani iliyolala uani au kwenye banda, kuinunua, na kuitengeneza nyumbani kidogo kidogo, baba, mama na watoto pamoja. Masuali yenyewe ni haya. Je, huo ni upuuzi na israfu, au ni jambo la heri? Nini kichunguzwe kabla ya kutoa pesa? Na ikiwa kila mmoja ndani ya nyumba ametoa chake, gari ni ya nani?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba asili ya jambo hili ni halali, na likifanywa kwa mpango lina manufaa makubwa. Mtoto anajifunza kazi ya mikono, subira na hesabu, na baba anapata saa za kukaa na watoto wake ambazo simu na televisheni zimezichukua. Lakini suali la tatu, ambalo watu huliweka mwisho, ndilo linalostahiki kuwa la kwanza. Gari ya zamani hununuliwa mara moja, kisha hugharamiwa kwa miaka. Pesa huingia kwa mafungu, kutoka mikono tofauti, bila ya kuandikwa. Siku inapouzwa, au siku mwenye nyumba anapofariki, mapenzi yote yaliyowekwa kwenye ile gari hugeuka ugomvi. Kwa hivyo tutaeleza gari, kisha tutaeleza haki za watu ndani yake.

Gari gani inafaa kwa kazi ya nyumbani?

Gari inayofaa kwa familia ni ile ambayo injini yake inaonekana, inafikika kwa spana za kawaida, haina kompyuta, na spea zake bado zinapatikana. Tuchukue mfano wa Morris Minor, ambayo wazee wetu wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka tangu enzi za Waingereza.

Gari hii ilioneshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948, na mbunifu wake ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, Uturuki, ambaye baadaye ndiye aliyebuni Mini ya mwaka 1959. Mwishoni mwa mwaka 1960 lilifikiwa gari la milioni moja, na Minor ikawa gari ya kwanza ya Uingereza kufikia idadi hiyo. Uzalishaji wake ulimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa sababu zilitengenezwa nyingi na wapenzi wake ni wengi, spea zake nyingi bado zinatengenezwa Uingereza hadi leo. Hilo ni jambo kubwa, kwani gari nzuri isiyo na spea ni pambo la uani tu.

Kuna alama zinazosaidia kujua umri wake. Zilizotoka kabla ya mwishoni mwa 1956 zina kioo cha mbele cha vipande viwili, na zilizofuata zina kioo kimoja. Injini za mwanzo zilikuwa za sisi 918, kisha 803 kuanzia 1952, 948 kuanzia 1956, na 1098 kuanzia 1962. Familia inayotaka gari ya kuendesha na siyo ya kutazama tu, zile mbili za mwisho ndizo zenye nguvu ya kutosha kwa barabara za leo.

Zipo nyengine zinazofaa. Peugeot 404 ni gari ngumu iliyoshinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na dereva wa ushindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkaazi wa Tanzania. Land Rover za zamani nazo zina bodi ya aluminiamu isiyoshika kutu kama bati la chuma, ingawa chesisi yake ni ya chuma na huoza. Maelezo yetu yatakuwa juu ya Minor, lakini kanuni ni zile zile.

Nini cha kukagua kabla ya kununua

Mwanzo, watu hukimbilia injini. Wanauliza: "Inawaka?" Visiwani kwetu suali la kwanza ni jengine: "Imeoza wapi?" Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na gari iliyokaa miaka mingi karibu na bahari huliwa na kutu kutoka chini, huku juu ikiwa inang'aa.

Morris Minor haina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Maana yake ni kwamba kutu katika baadhi ya sehemu zake si suala la sura bali ni la usalama. Inama utazame vizingiti vya chini ya milango, sakafu, sehemu ambazo springi za nyuma zimefungwa kwenye bodi, na mihimili ya mbele inayobeba injini. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa ili isikwaruze, kisha uipitishe kwenye bodi. Mahali inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti na si bati. Gonga kwa kidole usikilize, na nyanyua mikeka ya sakafu.

Jambo la pili ni matairi ya mbele. Katika Minor, kiungo cha chini cha kila tairi la mbele kina nyuzi kama za skurubu, na uhai wake ni grisi. Kikikosa grisi huliwa kidogo kidogo, na kikifika mwisho tairi hulala upande gari ikiwa barabarani. Inua gari kwa jeki, ushike tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, hesabu gharama hiyo kabla hujataja bei.

Jambo la tatu ni breki. Gari hizi zina breki za ngoma kwenye matairi yote manne, na mafuta ya breki yanapita katika mkondo mmoja. Bomba moja likipasuka, breki yote ya mguu inaondoka. Kwa gari iliyolala muda mrefu usijaribu kubahatisha. Hesabu mabomba, mipira na silinda zote kuwa ni za kubadilishwa.

Injini iwe ya mwisho. Injini iliyoganda si lazima iwe imekufa, na injini ndogo kama ile inatengenezeka. Bodi iliyooza ndiyo inayomaliza pesa.

Je, anayeuza ana haki ya kuuza?

Hapa ndipo dini inapoingia kabla ya spana. Gari nyingi za zamani bado zimesajiliwa kwa jina la mtu aliyekwishafariki. Mtoto mmoja anabaki nyumbani, gari ipo uani, na yeye anakuja kuiuza. Gari ile ni mali ya urithi. Ikiwa mirathi haijagaiwa, basi kila mrithi ana sehemu ndani yake: mjane, watoto wa kiume, watoto wa kike, na wengineo kwa mafungu yao. Mmoja wao ana haki ya kuuza fungu lake tu, na hawezi kuuza la mwenziwe bila ya ridhaa yake.

Kwa hivyo mnunuzi asiridhike na maneno ya "mimi ndiye mkubwa". Aombe ridhaa ya warithi wote kwa maandishi. Ikiwa miongoni mwao yupo mtoto ambaye hajabaleghe, jambo lake lipitie kwa msimamizi wake wa kisheria, na kwa hapa Zanzibar familia zinaweza kupata msaada wa mirathi katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahakama ya Kadhi. Baada ya hapo, linganisha namba ya bodi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi ya gari, na uulize katika ofisi inayosajili vyombo vya moto kabla ya kutoa pesa. Kadi ikiwa imepotea, muuzaji ndiye aifuatilie kwanza.

Aibu za gari na neno "kama ilivyo"

Imepokewa na Imam Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani yake na kukuta umaji. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini ile iliyorowa hakuiweka juu watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika mwenendo wake. Ndugu zetu, puti iliyopakwa juu ya kutu ikapigwa rangi ya kung'aa ni nafaka ile ile iliyorowa.

Muuzaji anawajibika kueleza aibu anayoijua. Wapo wanaodhani kuwa wakisema "nakuuzia kama ilivyo" wamevuka salama. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi visiwani kwetu, neno hilo halimsafishi mtu aliyeijua aibu ya gari akaificha. Mnunuzi akigundua aibu ya zamani iliyopunguza thamani, ana hiari ya kuirudisha gari na kuchukua pesa zake. Lakini hiari hiyo ni ya papo hapo. Ukigundua leo, ukaendelea kuitumia mwezi mzima ndipo ukaja kulalamika, umeipoteza. Na ikiwa umeshaifumua vipande vipande, kurudisha kunakuwa kugumu zaidi. Ndiyo maana tunasisitiza ukaguzi uwe kabla.

Na mnunuzi naye ana dhamana yake. Ukimkuta bibi kizee ambaye hajui kuwa gari ya marehemu mumewe ina thamani, ukamwambia "hiki ni chuma chakavu tu, nakusaidia kukitoa", ilhali unajua vyengine, umemdanganya. Kupatana bei ni halali, na kukaa kimya juu ya faida unayoitarajia kuna nafasi yake katika biashara. Kusema uongo hakuna nafasi. Suratun Nisaa, aya ya 29, imeweka msingi: mali ya mwenzako haikuhalalikii ila kwa biashara mliyoridhiana.

Gari ni ya nani? Njia nne za kuingiza pesa

Mtu wa nyumbani akitoa pesa kwa ajili ya gari, pesa hizo zinaweza kuwa moja ya mambo manne: msaada au zawadi kwa mwenye gari, mkopo unaorudishwa, hisa katika umiliki, au ujira wa kitu kilichonunuliwa au kazi iliyofanywa. Kila moja ina hukumu yake. Tatizo ni kwamba mtoaji anaweza kuwa na nia ya hisa, na mpokeaji akafahamu kuwa ni zawadi, na wote wawili wakanyamaza kwa kuoneana haya.

Tutoe mfano wa hesabu. Baba ametoa shilingi milioni 5, mama ameuza bangili zake akatoa milioni 3, na kijana wao anayefanya kazi ametoa milioni 2. Gari imenunuliwa kwa milioni 10 kwa nia ya ushirika. Hapo kila mmoja anamiliki kwa kadiri ya alichotoa: baba nusu, mama asilimia 30, kijana asilimia 20. Mpaka hapa ni wazi.

Kisha matengenezo yanakula milioni 6, na zote zinatoka mfukoni mwa baba, leo rangi, kesho matairi. Baada ya miaka mitatu inauzwa kwa milioni 16. Ikiwa walikubaliana kuwa kila gharama inaongeza hisa, baba ametoa milioni 11 katika 16, na hizo ndizo zake; mama anapata 3 na kijana 2. Ikiwa baba alitoa kwa kujitolea, hisa za mwanzo zinabaki: baba anapata milioni 8, mama milioni 4 na laki 8, kijana milioni 3 na laki 2. Tofauti kwa upande wa baba ni shilingi milioni 3. Akiwa hai, ataulizwa nia yake na jambo litaisha. Akiwa amefariki, zile milioni 3 ni za warithi au si za warithi? Nani atathibitisha? Na kama miongoni mwa warithi wapo watoto wa mke mwengine, mwajua wenyewe kitakachofuata.

Asili ni kwamba gharama za matengenezo hazibadilishi hisa za umiliki ila kwa makubaliano. Kwa hivyo kubalianeni mapema. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuelekeza kuandika deni la muda na kuweka mashahidi, na ikaeleza kuwa huko ndiko kunakoondoa shaka. Wapo wanaosema kuandikiana baina ya mume na mke, au baba na mwana, ni kukosa imani. Hakika ni kinyume chake: karatasi inalinda mapenzi, kwa sababu inaiondolea kumbukumbu mzigo usiouweza.

Pesa na dhahabu za mama

Tunataka kulisimamia jambo hili peke yake. Mahari ya mke, dhahabu zake na mapato yake ni mali yake. Suratun Nisaa, aya ya 4, imewaruhusu waume kutumia katika mahari kile tu ambacho mke amekitoa mwenyewe kwa roho safi. Mke anayetoa bangili kwa sababu amezungukwa na mume na watoto wanaosema "mama unatukwamisha" hajatoa kwa roho safi. Aulizwe peke yake, kwa utulivu: unatoa, unakopesha, au unaingia ubia? Jibu lake liandikwe kama alivyolisema.

Na kijana aliyefanya kazi bila ya kutoa pesa?

Mara nyingi yupo kijana ambaye hana pesa, lakini ndiye aliyelala chini ya gari miezi sita. Anaamini kuwa ana sehemu. Katika madhehebu ya Shafi, jasho peke yake halimfanyi mtu kuwa mshirika katika mali, na kauli mashuhuri ni kwamba aliyefanya kazi bila ya kutajiwa ujira hana madai ya ujira. Madhehebu mengine yamepanua zaidi katika ushirika wa kazi. Njia iliyo salama kwa wote ni kumaliza jambo mwanzo. Ama aambiwe wazi kuwa anasaidia na malipo yake yapo kwa Mola wake, ama apangiwe ujira unaojulikana, na akitaka autumie ujira huo kununua hisa.

Mtoto mdogo anayeosha bolti na kushika tochi, hayo ni malezi na hayahitaji mkataba.

Ama baba akitaka kumpa gari mtoto mmoja tu kuwa zawadi, akumbuke kisa cha Bashir, baba wa Nuuman, kilichomo ndani ya Bukhari na Muslim. Alimpa Nuuman zawadi, akaenda kumfanya Mtume (s.a.w.) shahidi. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, aliamrishwa kumcha Mwenyezi Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto, na Bashir akairudisha ile zawadi. Uadilifu huo unawahusu mabinti pia. Binti anayependa kazi hii apewe spana uani kwao kama kaka yake.

Mpangilio wa kazi

Familia nyingi hukwama kwa sababu wanafumua gari yote kwa wiki moja, kisha hawajui kipi kilitoka wapi. Tunashauri mpangilio huu.

Kwanza, pigeni picha kila sehemu kabla ya kuifungua. Kila bolti na kila kifaa kiingie kwenye mfuko wenye jina lake. Kazi hii wapeni watoto wa skuli, nao wataifanya kwa uangalifu kuliko wakubwa.

Pili, anzeni na bati. Kukata kutu na kuchomelea bati jipya kwenye sehemu zinazobeba uzito ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, si ya kujifunzia. Patana naye ujira unaojulikana na kazi inayojulikana, na umlipe anapomaliza bila ya kumzungusha. Mtume (s.a.w.) amehimiza mfanyakazi apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka.

Tatu, breki na viungo vya matairi. Silinda kuu ya breki ya Minor imejificha chini ya sakafu ya dereva, na wengi huisahau kwa sababu haionekani.

Nne, injini. Iliyolala miaka mingi isipigwe stata siku ya kwanza. Toeni plagi, mtie oili kidogo kwenye kila silinda, iacheni ilowe siku kadhaa, kisha mzungushe injini kwa mkono kwa spana. Mwageni petroli ya zamani, osheni tangi na kabureta, badilisheni oili. Jueni pia kuwa injini hizi zilitengenezwa zama za petroli yenye risasi. Kwa petroli ya leo, silinda hedi inapofunguliwa ni vyema mkamuomba fundi aweke vikalio vigumu vya valvu.

Tano, umeme. Gari nyingi za aina hii zilitoka kiwandani betri ikiwa imefungwa kinyume na tulivyozoea, yaani upande wa chanya ndio unaoshikana na bodi. Kijana akiifunga kama ya gari ya leo bila ya kuangalia anaweza kuunguza vifaa. Waya uliokauka na kupasuka ubadilishwe, kwani ndio chanzo cha moto.

Sita na mwisho, rangi na viti. Anayeanza na rangi atairudia.

Ama usalama, kuulinda uhai ni katika makusudio makubwa ya sheria. Mtu yeyote asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Iwekwe juu ya stendi madhubuti. Vumbi la ngoma za breki lisipulizwe, maana pedi za zamani zilikuwa na asbesto ambayo ni sumu ya mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa kilichorowa. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, basi msasa upigwe kwa maji na watoto wakae mbali. Petroli isioshewe vifaa karibu na moto. Na kabla ya kuwapakia watoto, fungeni mikanda ya viti hata kama gari ilitoka kiwandani bila ya mikanda.

Mpaka wa matumizi, na zaka

Israfu haipimwi kwa ukubwa wa pesa peke yake, bali kwa haki iliyoachwa nyuma. Anayetengeneza gari huku ada ya skuli haijalipwa, deni la jirani limeiva, au mama yake mzazi anahitaji dawa, huyo amevuka mpaka, hata kama ametumia laki moja. Na kukopa kwa riba kwa ajili ya jambo la kujifurahisha hakuna udhuru wowote. Wekeni kiwango cha kila mwezi, na mwezi ukikosa pesa, gari isubiri. Imesubiri miaka 50, haitokufa kwa mwezi mmoja. Msisahau kuhesabu nauli na ushuru wa spea kutoka nje, pamoja na bima na ada za barabarani.

Ama zaka, gari ya kutumia haina zaka, hata thamani yake ikipanda. Iliyonunuliwa tangu mwanzo kwa nia ya kuuzwa ni mali ya biashara. Ukitimia mwaka, itathminiwe kwa bei ya soko ya siku hiyo, na ikifika nisabu, pamoja na mali nyengine za biashara na pesa, itolewe asilimia 2.5. Aliyenunua kwa matumizi kisha akafikiria kuuza, katika madhehebu ya Shafi fikra hiyo peke yake haiigeuzi gari kuwa bidhaa. Na ikikodishwa, kwa mfano kwa harusi, zaka ni katika mapato yaliyobaki na kutimiza masharti, na mapato hayo yagawiwe kwa hisa.

Karatasi moja inatosha

Kabla ya kufungua bolti ya kwanza, kaeni baada ya sala ya Isha, muandike karatasi moja. Ndani yake kuwe na mambo sita: nani ametoa kiasi gani na kwa nia gani, gharama za mbele zitahesabiwa vipi, nani anafanya kazi na kwa malipo gani, au bila ya malipo, nani ataitumia gari na lini, itauzwa kwa ridhaa ya nani, na mmoja akifariki, fungu lake ni hili. Watie saini wahusika na mashahidi wawili, na kila anayetia pesa mpya aongeze mstari na tarehe. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya gari.

Familia iliyofanya hivyo inaweza kugombana juu ya rangi, ikacheka. Haitogombana msibani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitie baraka familia zetu, atupe rizki ya halali na mikono yenye kazi, na atuepushe na kula haki za wenzetu kwa kujua na kwa kutojua.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.